Naomba ushauri: nebula ya pulsa yenye sura mbili

Wakubwa kwa wadogo, jambo kwenu. Niko Lubumbashi, naandika memwari (tasnifu) ya fizikia juu ya HESS J1825-137, ile nebula (wingu la chembe zenye nishati kubwa) inayolishwa na upepo wa chembe kutoka kwa pulsa, yaani kiini kinachozunguka kwa kasi cha nyota iliyolipuka, ya umri wa miaka 21,000 hivi. Darubini za H.E.S.S. kule Namibia zinaionyesha pana sana katika miale ya gama, tena inapungua upana kadiri nishati inavyopanda. Katika eksirei ni ndogo mno, imejibana karibu na pulsa.

Nimechukua uga wa sumaku wa maikrogausi 5 nikakokotoa. Elektroni zenye nishati ya teraelektronivolti 100, zinazotoa eksirei, zinapoa (zinapoteza nishati) ndani ya miaka elfu chache. Zile za 20, zinazogonga fotoni (chembe za mwanga) za mnururisho wa nyuma wa ulimwengu, ule mwanga hafifu uliobaki tangu mwanzo wake, na kuzipandisha hadi gama, zinadumu zaidi ya miaka 10,000, kwa hiyo zinafika mbali. Mpaka hapo sina neno. Lakini modeli yangu bado inatoa eksirei pana kuliko picha, na kila nikirudia hesabu (umeme ukituruhusu) jibu ni lile lile.

Naomba mnisaidie mawili. Je, nipunguze uga wa sumaku kadiri tunavyotoka kwa pulsa, au nianze kwanza na kasi ya upepo? Halafu, pulsa imekaa ukingoni, si katikati: niweke wimbi la mshtuko la ule mlipuko wa nyota, linalorudi ndani, likiisukuma nebula upande mmoja, au mwendo wa pulsa yenyewe unatosha? Prof anataka sura hii ya memwari kabla ya likizo.