Mipira ya kipoza oili inavuja kwenye lori la dizeli: nirudishe ya aina ileile au nibadilishe na viungio vyake?

MshikaUsukani aliuliza:

Ndugu mafundi, naomba ushauri kuhusu lori la dizeli ambalo kipoza oili chake kimefungwa mbele, ubavuni mwa rejeta, na oili hufika huko kwa mabomba mawili yanayotoka kwenye bloku karibu na filta. Kila bomba ni la chuma kwa sehemu kubwa ya urefu wake, ila katikati lina kipande cha mpira kilichobanwa kiwandani kwa kola ya chuma, na upande wa bloku halikufungwa kwa nati bali hushikiliwa na klipu ndogo ya waya. Kwenye kola hizo oili imeanza kutoa jasho. Nikiifuta, baada ya safari moja nakuta imerudi, na upepo wa feni umeitawanya hadi kwenye sampu (trei ya oili chini ya injini) na chesesi, kiasi kwamba mtu akitazama chini angedhani injini nzima inavuja.

Nimeshauriwa mambo matatu yanayopingana. Mmoja ameniambia nikate ule mpira, nichomeke mpira wa hita wenye kipenyo kilekile na kuubana kwa klampu za kawaida. Mwingine amesema ninunue mabomba mapya kama yale ya kiwandani na kufunga mjadala. Wa tatu anasisitiza niondoe mfumo wote na kuweka mipira iliyosukiwa waya wa chuma kisichoshika kutu, yenye viungio vya nyuzi. Lori hubeba mzigo mzito na hupanda milima, kwa hiyo nataka jambo litakalodumu, wala sioni tabu kugharamia zaidi iwapo kuna sababu ya msingi. Ni njia ipi yenye usalama, na kwa nini?

FundiWaDizeli alijibu:

Ndugu, nianze na lile ambalo lisingojee. Mpira wa hita usiuweke hapo hata kwa muda wa kufika gereji, kwa sababu umetengenezwa kwa ajili ya maji ya rejeta, na mpira wa aina hiyo ukikutana na oili ya madini huvimba, hulainika na hatimaye hupasuka. Hata ungekuwa mpira wa oili halisi, klampu ya skurubu juu ya bomba laini lisilo na mabega si kiungio cha kutumainiwa mahali ambapo oili husukumwa kwa presha ya baa 3 hadi 5 injini ikiwa na moto, na zaidi ya hapo asubuhi oili ikiwa nzito.

Inafaa kukumbuka kwamba mabomba haya si ya kurudisha oili taratibu kwenye sampu kama bomba la chini la turbo. Yamo katika njia kuu ya pampu, na bomba moja likichomoka, pampu yenyewe ndiyo itakayoimwaga oili yote barabarani kwa muda mfupi sana, na beringi za krenki, yaani shafti kuu ya injini, hazitakusubiri uegeshe. Ndiyo maana mimi naiogopa ile klipu ya waya kuliko jasho la kwenye kola. Jasho hutoa taarifa mapema, na dereva makini ataliona. Klipu iliyolika au iliyoshika kutu haitoi taarifa yoyote, huachia ghafla.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha chanzo. Osha eneo lote kwa dawa ya kuondoa grisi, likauke, kisha washa injini na uiache ipate moto huku ukimulika kuanzia juu kwenda chini. Oili hufuata mvutano wa dunia na upepo wa feni, hivyo tone unaloliona kwenye bomba linaweza kuwa limetoka kwenye kifuniko cha vali, kwenye msingi wa filta au kwenye bomba la turbo. Ukishindwa kupata chanzo kwa macho, pulizia unga mweupe mwepesi juu ya kola zilizokauka. Mahali pa kwanza kulowa ndipo panapovuja.

MpimaPresha alijibu:

Nakubaliana na fundi aliyetangulia, na kwa kuwa kazi yangu ni mipira ya haidroliki, naomba niongeze upande wa mipira yenyewe, maana hapa ndipo watu hupoteza fedha kwa kuvutiwa na mng'ao.

Wengi wakitaka mpira imara hukimbilia kuuliza unabeba presha kiasi gani. Kwa kazi hii presha si tatizo hata kidogo. Mpira wa haidroliki wa daraja la SAE 100R1, wenye tabaka moja la waya, kwa kipenyo cha inchi 5/8 hubeba zaidi ya baa 100, na injini yako haitafika hata sehemu ya kumi ya hapo. Tatizo ni joto. Mipira mingi ya kawaida ya daraja hilo imeruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzijoto 100, ilhali oili ya dizeli inayopanda mlima na mzigo inaweza kuvuka kiwango hicho, tena mpira wenyewe ukiwa umepita jirani na ekzosi. Mpira wa namna hiyo hautapasuka siku ya kwanza. Utakauka kutoka ndani, utakuwa mgumu kama mti, kisha utaanza kuvuja palepale kwenye kola kama ule wa zamani. Kwa hiyo ukienda kutengenezewa, sema wazi kwamba unahitaji mpira wa oili ya injini ulioruhusiwa kufika nyuzijoto 150 au zaidi, na usome maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake badala ya kuridhika na maneno ya muuzaji. Hapo hapo mara nyingi utaona na robo ya mwaka uliotengenezwa, kwa mfano 3Q22, nawe usikubali uliokaa rafu miaka mingi.

Waya wa nje unaong'aa hausemi lolote kuhusu kilichomo ndani. Kuna mipira iliyosukiwa waya huo lakini ndani ina mpira wa kawaida, na kuna yenye tefloni, ambayo hustahimili joto la zaidi ya nyuzijoto 200 na haidhuriwi na oili. Ya tefloni ni bora kwa joto, ila ina masharti mawili: hutumia fitingi zake maalumu zenye pete ndogo ya kubania ndani, haichanganywi na fitingi za mpira wa kawaida, na ukiikunja kupita kiasi ukuta wake huvunjika ndani bila wewe kuona, na haurudi tena katika umbo lake. Mahali penye kona kali, weka fitingi yenye pembe ya digrii 45 au 90, usiulazimishe mpira kupinda.

Kuhusu viungio, hapa ndipo penye uboreshaji wa kweli. Ondoa klipu na kuweka adapta yenye nyuzi inayoingia kwenye bloku kwa oringi (pete ya mpira ya kuziba) au washa yake, na upande wa pili iwe na koni ya digrii 37, ambayo ndiyo inayotumiwa na JIC na AN, viwango viwili vya viungio vya nyuzi. Angalia sana usije ukauziwa koni ya digrii 45, kwa sababu baadhi ya saizi nyuzi zake hukubali kuingiliana na zile za digrii 37, nati inakaza vizuri mkononi, lakini koni zinagusana kwenye mstari mwembamba tu na kiungio hakitaziba. Vilevile usizungushe utepe wa tefloni kwenye koni. Kinachoziba pale ni chuma kwa chuma, na vipande vya utepe vikikatika husafiri na oili hadi kwenye vitundu vidogo vya kupoza pistoni.

DerevaMzoefu alijibu:

Mimi natetea mabomba ya kiwandani, ingawa si kwa kila hali. Kama lori lako lilitembea miaka mingi na mabomba yaleyale kabla ya kuanza kuvuja, basi mapya ya ubora uleule pamoja na klipu mpya yatakupa muda kama huo, na yana faida moja ambayo wapenda uboreshaji huisahau: yamepindwa kiwandani yapite mbali na feni, ekzosi na shafti ya usukani. Nimeona mipira ya gharama kubwa iliyotobolewa kwa kusuguana na ukingo wa chesesi kwa sababu tu hakuna aliyefikiri namna ya kuishikilia. Waya wa chuma nao husaga kila unachokigusa, hata bomba la breki au nyaya za umeme.

Jambo jingine ni kwamba wengine wakishaanza kubadilisha huongeza na kipoza kikubwa zaidi. Oili isiyofika joto lake haiondoi unyevu unaozalishwa ndani ya injini, na hubaki nzito kuliko inavyotakiwa. Anayeongeza kipoza kikubwa cha upepo aweke na themostati ya oili, ile inayofungua njia ya kwenda kwenye kipoza oili ikishafika takribani nyuzijoto 80.

MshikaUsukani aliandika:

Nawashukuru wote. Nimeosha na kukagua kama fundi alivyoelekeza, na uvujaji unatoka kwenye kola mbili, hakuna kwingine. Klipu upande wa bloku pia imelegea, bomba linacheza nikilishika kwa mkono. Kwa hiyo nimeamua kuweka adapta za nyuzi na mipira ya tefloni. Naomba nisaidiwe mawili: nichague saizi gani, na nianzeje kuwasha injini baada ya kufunga mabomba yakiwa makavu?

MpimaPresha alijibu:

Saizi ifuate kipenyo cha ndani cha bomba la kiwandani, usipungukiwe hata kidogo. Namba za AN na JIC huhesabu kipenyo cha nje cha bomba la chuma, si tundu la mpira, kwa sehemu za kumi na sita za inchi, hivyo namba 8 ni nusu inchi, namba 10 ni inchi 5/8, na namba 12 ni inchi 3/4. Pima pia tundu la fitingi yenyewe, kwa maana baadhi ya fitingi za bei nafuu zenye pembe ya digrii 90 zimetobolewa nyembamba kuliko mpira zinaoushika.

Kata mpira ukiwa na ziada kidogo, kwa kuwa presha ikiingia urefu wake hubadilika. Mipira mingi ya haidroliki inaweza kurefuka kwa asilimia 2 au kufupika kwa asilimia 4. Na kwa sababu injini hutikisika juu ya raba zinazoibeba huku rejeta ikiwa imetulia, ziada hiyo ndiyo itakayobeba mtikisiko. Mpira usisokoteke wakati wa kukaza: ushike kwa spana moja na ukaze nati kwa nyingine. Fanya hivyo hivyo upande wa kipoza, ambako mara nyingi fitingi ni ya alumini.

FundiWaDizeli alijibu:

Ushikilie mpira kwa vibano vyenye kitambaa cha mpira ndani, na kila panapokaribia ukingo wa chuma uuvishe gamba la kuzuia msuguano. Ndani ya mpira uliokatwa hubaki chembe za waya, kwa hiyo pitisha upepo na dawa safi kabla ya kuweka fitingi ya pili. Ikiwa injini hiyo iliwahi kunoki beringi, yaani beringi zake kuharibika na kugonga, badilisha na kipoza, kwa sababu chembe za chuma zilizonasa ndani yake hazitoki zote kwa kuoshwa.

Kabla ya kuwasha, jaza oili kwenye filta kama inasimama wima, kata umeme wa solenoidi ya dizeli (vali ya umeme inayoruhusu mafuta kupita) ili injini isishike, kisha zungusha stata kwa vipindi vifupi ukipumzisha kati yake, hadi geji ionyeshe presha. Baada ya hapo rudisha umeme, washa, iache izunguke polepole tu bila kukanyaga mafuta, na mtu mwingine atazame viungio vyote. Zima, subiri oili ishuke, pima kwa kijiti na uongeze, maana mabomba na kipoza vimekula kiasi.

Ukikuta tone kwenye nati, usiikaze injini ikiwa inanguruma. Zima, ifungue, futa koni zote mbili na uzikague kwa tochi. Mara nyingi utakuta mkwaruzo au uchafu, na kuongeza nguvu ya spana juu ya koni ya alumini iliyokwaruzika kutaiponda tu. Safisha au badilisha kipande hicho, ipake oili kidogo, uikaze upya, kisha ukague tena injini ikishapata moto na kupoa mara moja.