Tupeane uzoefu: mshiriki akikwama katikati ya mafunzo ya mtandaoni, wewe hufanyaje?

Wakufunzi wenzangu, assalaam aleikum na habari za kazi. Naomba tuelezane tunavyowasaidia washiriki wanaokwama huku kipindi kinaendelea, nami natangulia na kisa changu.

Nilikuwa nikiwafundisha akina mama wa chama kimoja hapa Mombasa namna ya kuweka hesabu za biashara kwa simu. Tulikuwa watu 19 kwenye Zoom, na ghafla kila neno nililosema likawa linanirudia mara mbili, mara tatu, kama mtu anayeita ndani ya tangi tupu. Nilipoona alama ya mzungumzaji inawaka kwenye picha ya mama mmoja wa Likoni, nilimtaja kwa jina mbele ya wenzake nikamwambia kwamba yeye ndiye anayetuharibia sauti. Akatoka, asirudi tena. Nilipompigia jioni ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa ameketi na binti yake, kila mmoja na simu yake, zote mbili zikiwa zimeingia kwenye kipindi, hivyo simu moja ilikuwa ikinasa sauti iliyotoka kwenye spika ya nyingine. Ingetosha simu moja itolewe kwenye sauti, kazi ya nusu dakika. Badala yake nilimtwika mtu mzima lawama ya vyombo, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Tangu siku hiyo tunaingia wawili: mmoja anafundisha, mwingine anawashughulikia waliokwama kwa ujumbe wa faragha, na asipojibiwa anapiga simu ya kawaida, kwa sababu aliyeishiwa na bando hawezi kuusoma ujumbe ulio ndani ya Zoom.

Mkufunzi, Bamburi:

Shukran, mwalimu. Mimi hufundisha peke yangu, na slaidi zikijaza skrini sioni arifa yoyote. Kijana mmoja alikimbilia feri ili awahi kufika nyumbani, kisha akakaa dakika 25 kwenye chumba cha kusubiri cha Zoom bila ya mtu wa kumfungulia. Sasa kabla ya kuanza humpa mshiriki mmoja uwezo wa mwenyeji mwenza, kazi yake ikiwa ni hiyo tu ya kuwapokea wanaochelewa.

Mkufunzi, Kisauni:

Nilikuwa nikimhimiza kila mtu awashe kamera, nikiamini kwamba asiyeonekana hasikilizi. Dada mmoja aliniandikia faraghani kwamba video inamaliza bando alilonunua kwa ajili ya siku nzima, na kwamba amekuwa akiandika kila neno daftarini. Alinitumia picha ya kurasa hizo, mwandiko mdogo uliojaa hadi pambizoni. Siku hizi naomba kamera wakati wa kusalimiana tu, kisha tunazizima. Ningependa kujua wenzangu mnawatambuaje waliopotea njiani pasipo kuwaona nyuso.