Ushauri: Kirukia kwa mgonjwa wa saratani, nimpe mama au niache?

Binti Mkubwa:
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, kejeli baadaye.

Mama ana saratani ya titi, kamaliza mzunguko wa pili wa kemo. Juzi shangazi kaja na fungu la kirukia kikavu, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine, kalikunja kwenye gazeti. Anataka kichemshwe, mama anywe kikombe asubuhi na kikombe jioni. Nilikuwa nimeshakataa, ila mdogo wangu ndiye kanivurugia: kaperuzi mtandaoni, kakuta kwamba Ujerumani wagonjwa wa saratani wanachomwa sindano za kirukia na madaktari kabisa, si waganga. Sasa shangazi ananitazama kama vile mimi ndiye nisiyetaka mama apone.

Hivi ni kitu kimoja? Na kama huko wanakitumia, mimi nakataa kwa hoja gani?

Mzee wa Pembeni:
Kilitolewa kwenye mti gani? Marehemu bibi yangu alitumia kirukia kwa presha na kizunguzungu, lakini hakugusa jani kabla hajaambiwa ni mti gani. Kirukia kinazamisha mzizi ndani ya tawi na kunyonya maji na chumvi za mwenyeji wake, kwa hiyo kwake cha mti huu na cha mti ule zilikuwa dawa mbili. Kilichookotwa chini alikirudisha kichakani.

Binti Mkubwa:
Mzee, shangazi anasema "cha porini". Nilipombana zaidi kakasirika.

Chumvi Kidogo:
Kirukia kinaukausha mti mzima mbele ya macho yenu halafu mnataka kiwaponye 😂

Kaunta ya Dawa:
@Chumvi Kidogo unacheka, ila tiba ya sindano ilianzia karibu na wazo hilohilo. Rudolf Steiner, mwanafalsafa kutoka Austria ambaye hakuwa daktari, mwanzoni mwa karne ya 20 aliona kirukia na saratani vinafanana: vyote vinaishi kwa kumtegemea mwenyeji na kumdhoofisha. Daktari Ita Wegman ndiye aliyeanza kukitumia kwa wagonjwa.

Binti, mdogo wako hakudanganya, ila kasoma nusu. Kirukia cha sindano ni Viscum album, cha Ulaya, chenye vitunda vyeupe vyenye ulimbo unaonata vidoleni. Virukia vingi vya Afrika ni vya familia nyingine kabisa. Wachina wana chao, Taxillus, wanakitumia kwa mgongo na viungo. Wamarekani wana chao, Phoradendron. Vyote tunaviita kirukia kwa sababu vimeota juu ya mti, basi.

Kingine ni kilichomo ndani. Vinavyosifiwa zaidi kwenye Viscum ni lektini na viskotoksini, ambavyo ni protini. Protini nyingi ukizichemsha zinaharibika, umeona yai linavyokuwa. Hata chai ya kirukia kule Ulaya kwa desturi huwa hawachemshi, wanaloweka kwenye maji baridi usiku kucha, tena ni kwa presha. Sindano ni dondoo lililopimwa, unajua kila kichupa kina kiasi gani. Kikombe cha shangazi hakuna anayejua kina nini.

Na je, sindano yenyewe inatibu? Maabarani inaua seli za saratani, ila kwenye kisahani cha maabara hata spiriti inaziua. Kwa binadamu, uchambuzi wa 2008 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikusanya majaribio 21 na kukuta ushahidi wa kurefusha maisha ni dhaifu. Palikuwa na dalili kwamba huenda wagonjwa wa titi walio kwenye kemo wanajisikia nafuu zaidi, lakini ilitakiwa kuthibitishwa. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya Sweden kwa wagonjwa 290 wa saratani ya kongosho: waliochomwa kirukia hawakuishi zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, wala hawakuwa na unafuu zaidi. Marekani haijaidhinishwa kama tiba ya saratani.

Mama anatumia dawa za presha?

Binti Mkubwa:
Ndiyo, kila siku.

Kaunta ya Dawa:
Basi usimpe. Baadhi ya virukia vinashusha presha. Huyo ana vidonge vyake, anatapika kwa kemo, maji yamepungua mwilini, akiinuka ghafla anaanguka. Lile fungu lipeleke kwa daktari wake akalione.

Nimeivuka:
Mimi nilichomwa nikiwa Ujerumani, mara tatu kwa wiki, chini ya ngozi ya tumbo. Pale sindano inapoingia panavimba doa jekundu la ukubwa wa sarafu, linawasha usiku kucha, na jioni homa kidogo. Wao wanasema ndiyo kinga inaamka. Nililala vizuri miezi ile, ila sijui kama ni kirukia au ni kwa sababu kemo ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyewahi kuniambia niache kemo. Na kabla ya sindano ya kwanza waliniuliza sana kuhusu mzio.

Binti Mkubwa:
Mrejesho. Nilienda na shangazi mwenyewe, nilimwomba alibebe fungu lake. Daktari hakucheka. Alilimwaga mezani, akatenganisha majani kwa ncha ya kalamu: mengine manene na mviringo, mengine membamba, na katikati vipande vya gome la mti. Akamuuliza shangazi, "Mama, hapa kirukia ni kipi?" Shangazi akanyamaza.

Kasema tusimpe chochote cha kunywa cha mitishamba mpaka kemo iishe, seli nyeupe za damu za mama, zile zinazopigana na maambukizi, ziko chini. Halafu akampa shangazi kazi: kumpima mama joto asubuhi na jioni na kuandika, likifika 38 tusisubiri kuche, twende saa hiyohiyo. Sasa daftari liko kwake, hata mimi hanishikishi.

Mzee wa Pembeni:
Na fungu je?

Binti Mkubwa:
Juu ya kabati. Hajaniruhusu kulitupa.