Duka la zawadi linataka viondo 60 kwa 1,150, nichukue ama niachane nayo?

shanga_na_katani

Hamjambo wadau, naomba mawazo yenu juu tangu Jumatatu sijalala vizuri. Mimi nafanya viondo, niko Umoja. Kikapu chenyewe kinasukwa na susu yangu, yaani nyanya, na wamama wenzake watatu huko Machakos upande wa Mwala, ni katani ya ukweli si uzi wa sufu, nanunua kwao 600 kile cha saizi ya kati halafu nakuja nacho Nairobi naweka mikanda ya ngozi, kitambaa cha ndani na kifungo. Nauza 1,500 kwa WhatsApp na Instagram, mwezi mzuri vinatoka kama kumi na mbili, mwezi mbaya vinne.

Sasa kuna duka la zawadi kwa moli moja huku Westlands. Mama anayewafanyia manunuzi aliniona kwa foleni ya benki nimebeba kiondo changu akaniuliza nimekitoa wapi, akachukua namba, Jumatatu akaniita. Anataka 60, rangi tatu, ndani ya mwezi mmoja, kila kimoja 1,150. Malipo ni siku 60 baada ya kupeleka mzigo na vile havitauzwa watanirudishia. Nikiwa hapo nikazunguka duka nikaona viondo vinafanana na vyangu, hata mshono wa mkanda si mzuri, vimeandikwa 3,200.

Sijawahi pata oda kubwa hivi maishani. Kwa biashara nikona 16,000 tu, chama yetu inaweza nikopesha 45,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Bwanangu anasema nichukue huo ni mlango Mungu amefungua, dadangu anasema hata nisirudi huko. Kiondo kimoja kinanigharimu hivi: kikapu 600, ngozi ya mikanda 250, kitambaa 80, kifungo na gundi 30, uzi na lebo 20, na nauli ya Machakos nikiigawanya ni kama 35. Kumalizia kimoja nachukua masaa matatu. Mngekuwa nyinyi mngefanya aje?

fundi_wa_kariokor

Dada, kwanza hongera, mtu akutoe kwa foleni ya benki juu ya kiondo umebeba begani si kitu kidogo, mkono wako uko sawa. Lakini hesabu umeileta yote vizuri halafu ukaiachia njiani, wacha tuimalize.

Hizo zako zote zikijumlishwa ni 1,015. Wanakupa 1,150. Inabaki 135, na hiyo ndio mshahara wako wa masaa matatu, yaani bob 45 kwa saa, na bado hujanunua bando wala sindano. Viondo 60 vinakupa 8,100. Sasa angalia ile 45,000 ya chama. Riba ni 4,500 kila mwezi, mwezi mmoja unatengeneza, miezi miwili unangoja malipo, hiyo ni 13,500. Utakuwa umekaa chini masaa 180 unashona na mwisho unatoa 5,400 kwa mfuko wako uwapelekee chama. Na hapo nimehesabu kama vyote vimeuzwa na wamelipa siku ile ile walisema, kitu sijaona sana.

Mimi nimekaa kwa ngozi miaka kumi na moja hapa Kariokor. Watu wanakuja kununua kwangu, mtu anajua ngozi ni ngapi kwa futi, anajua bei ya riveti, anajua mpaka bei ya gundi imepanda lini, lakini ukimuuliza mkono wako ni ngapi ananyamaza. Inaniuma sana juu wengi wao ndio wazuri kabisa wa kazi na baada ya mwaka mmoja unasikia amefunga. Saa yako iwekee bei. Weka 150 tu, si pesa nyingi. Masaa matatu ni 450, na 1,015 inafika 1,465, ongeza 100 ya vile vinaharibika na simu na kadhalika, uko 1,565. Hapo ndio hujapoteza, faida bado haijaanza. Kwa holseli usishuke chini ya 1,700. Na hiyo 1,500 ya WhatsApp, samahani kwa kukuambia, nayo inakukula polepole.

Kitu ingine, 250 ya mikanda ni nyingi. Najua unanunua ikiwa imekatwa tayari. Tafuta mwenzako mmoja mnunue ngozi nzima mgawane, ukate mwenyewe, utaona tofauti.

mama_vitenge

Mimi nataka niongelee hiyo mambo ya vile havitauzwa watanirudishia, juu hapo ndipo nililia.

2019 niliachia duka moja mikoba 25 ya kitenge, hivyo hivyo, mali kauli, tuliongea kwa mdomo na tukasalimiana vizuri kabisa. Miezi minne nikipiga simu naambiwa meneja hayuko, meneja yuko likizo, meneja amebadilishwa. Siku nilienda mwenyewe nikarudishiwa 14, kadhaa zimepigwa na jua pale dirishani mpaka upande mmoja umepauka, moja iko na lipstiki ndani, na zile zingine wakaniambia kwa kompyuta hazionekani. Sikuwa na karatasi yoyote yenye wamesaini. Ningeenda kushtaki na nini? Hiyo pesa ilikuwa ya shule ya watoto na sikuipata mpaka leo.

Kwa hivyo mami, kama utapeleka hata vitano, andika karatasi: idadi, rangi, bei, tarehe ya kulipa, na ikiharibika ikiwa kwao ni yao. Wasaini wote, wewe ubaki na kopi, na upige picha kila kimoja kabla ya kukiacha. Na mimi siku hizi bila dipositi ya nusu sigusi mkasi. Mtu akikataa kutoa dipositi ya kitu ameagiza yeye mwenyewe, kwa rangi zake, amekuambia tayari venye atakulipa.

jamaa_wa_soko

Nakubaliana na hesabu ya fundi lakini msimfanye dada aone hao wa duka ni wezi, si hivyo. Mimi nauza kwa Maasai Market, Ijumaa niko Village Market na Jumapili Yaya, na nimewahi pelekea maduka mzigo pia. Hiyo 3,200 si yao yote. Kama wamesajiliwa VAT, asilimia 16 iko ndani, ukiitoa inabaki kama 2,758. Hapo walipe kodi ya moli, walipe wasichana wa duka, stima, na vitu vingine vikae kwa rafu mwaka mzima. Duka nyingi zinapenda kununua kwa nusu ya bei yenye zitauza. Nusu ya 3,200 ni 1,600. Sasa wewe unapewa 1,150, hiyo ni chini kabisa ya nusu, maana alikuona mgeni akajaribu. Ni biashara, na wewe jaribu kurudisha. Ata kwa 1,700 wanabaki na zaidi ya elfu moja kwa kila kiondo.

Halafu kuna kitu hakuna mtu amekuuliza. Wao wakiuza 3,200 na wewe kwa Instagram uko 1,500, mteja akitafuta jina kwa lebo anakupata kwa dakika mbili. Duka likigundua litakuacha, na liko na haki. Ukitaka kuuzia maduka lazima bei yako ya rejareja ipande ikaribiane na yao, ama uwatengenezee aina yao yenye huuzi kwingine.

Na watakuitisha invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, jitayarishe, juu bila hiyo KRA haiwakubalii hayo matumizi kwa hesabu ya kodi. Si ngumu, hata kwa simu ya mulika mwizi unabonyeza *222#, hakikisha tu PIN yako iko sawa. Ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 isikutishe saa hii, inaanza mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka na bado uko mbali.

mwikali_w

Wote mmeongea juu ya pesa na hakuna amefikiria wale wamama.

Mimi mamangu anasuka, nimekua nikimwona. Katani unaikwangua jani, unaianika, unaipaka rangi, halafu uzi wenyewe unasokotwa kwa mkono kabla hata hujaanza kusuka kitako cha kiondo. Mtu mzima akiwa na shamba, kuku na wajukuu, kiondo cha saizi ya kati ni wiki, saa zingine mbili. Wewe uko na wamama wanne. 60 kwa mwezi ni 15 kila mmoja, yaani kimoja kila siku mbili. Haiwezekani. Na hii ni Oktoba, mvua ya Ukambani ndio hiyo inaingia na ndio mvua yetu ya kutegemewa, hakuna mama ataacha kupanda akusukie. Kitakachofanyika ni oda itagawiwa majirani, kila mtu asuke na mkono wake, vingine vilegee, vingine vikae upande, na wewe ndio utasimama Westlands ukieleza.

Na tafadhali ukibanwa bei usiende kumbania susu hiyo 600. Nimeona watu wakifanya hivyo, mzigo ukishuka bei mjini wa kwanza kukatwa ni yule ameketi chini ya mwembe na hana simu ya kujua kiondo chake kinauzwa ngapi. Ikipanda kwako ipande na kwake.

Ah na jaribu rangi kabla. Chovya kona ya kiondo kwa maji ya vuguvugu, kifute na kitambaa cheupe. Rangi ikichuja kwa nguo ya mteja mmoja tu, hiyo duka umepoteza.

shanga_na_katani

Mwikali umenigusa. Kwa kweli sikuwa nimepiga hesabu ya siku za susu hata kidogo, nilikuwa naona tu ni mimi nitakesha. Fundi nimeandika hiyo hesabu kwa daftari nikampatia bwanangu asome mwenyewe, akakaa kimya halafu akasema chama tusiende.

Swali moja, kuna rafiki ananiambia niachane na maduka ya hapa niuzie watu wa Marekani moja kwa moja, ati huko kiondo ni dola 80. Kuna mtu amejaribu?

posta_kila_wiki

Nimetuma mzigo huko miaka kadhaa. Bei unayoona si uongo, lakini mambo yamebadilika. Zamani kifurushi cha chini ya dola 800 kilikuwa kinaingia Marekani bila ushuru, hiyo iliondolewa tarehe 29 Agosti 2025, sasa hata kiondo kimoja mteja anaweza kudaiwa, na mteja akidaiwa ghafla anakasirikia wewe. Ongeza gharama ya kutuma, kiondo si kizito lakini kinabeba nafasi, na wa kurudisha pesa kikipotea ni wewe. Si kusema usifanye. Anza na watu wenye wako huku wanasafiri, wabebe wenyewe kwa sanduku. Mimi wateja wangu wazuri wa nje wengi walinunua cha kwanza wakiwa Nairobi.

shanga_na_katani

Nimerudi wadau, ni wiki moja na kidogo.

Nilimpigia susu kwanza kabla ya kupigia duka. Alisema yeye na wenzake wanaweza kutoa kumi na nne kabla shamba liwashike, kuna vinane tayari vimeisha, na hawataki kuharakishwa. Nikamwambia ni 650 kuanzia sasa, akaniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri.

Halafu nikaandikia yule mama wa duka ujumbe mrefu, nikafuta, nikaandika mfupi. Nikasema 60 siwezi, naweza 12, rangi mbili, 1,700, nusu mbele, na hakuna kurudisha. Akanyamaza siku tatu. Hizo siku tatu zilikuwa ndefu jamani, karibu nimpigie nimwambie basi sawa ile yako ya kwanza. Siku ya nne akanipigia yeye. Tumemalizia 1,650, nusu imeingia kwa M-Pesa jana, 9,900, ile ingine siku 14 baada ya kupokea, na karatasi amesaini na muhuri wa duka. Najua fundi ulisema nisishuke 1,700, nimeshuka hamsini na nikaongezea susu hamsini, lakini sijakopa hata shilingi moja, ile 16,000 yangu inatosha na inabaki. Kiondo cha duka kitakuwa na mkanda mpana na mfuko wa ndani, kwangu hicho sitauza.

Kwa WhatsApp nimepandisha zangu 2,200. Mmoja aliniambia nimekuwa na tamaa, wawili wamelipa bila kuuliza.

Mama_vitenge, picha nimepiga za vile vinane tayari. Rangi nimejaribu pia, nyekundu inachuja kidogo, nimemwambia susu tukae na ya kahawia na nyeusi.

Fundi, nimepata mwenzangu wa kugawana ngozi, anafanya viatu huku Umoja. Alhamisi asubuhi uko?

fundi_wa_kariokor

Niko kutoka saa mbili. Kuja na kipimo cha huo mkanda mpana usije ukakata kwa kukadiria, na huo upande wa mgongo mgawane na huyo wa viatu, hapo ndio ngumu ya soli na ya mikanda pia, ya pembeni inavutika.

shanga_na_katani

Sawa, tutakuja wawili.