Foklifti ya dizeli inagonga "tak" tu, stata haizunguki. Msaada wakuu

Mkonge_Mweupe
Wakuu salaam. Niko Tanga, naendesha foklifti ya tani 3 kwenye ghala la mkonge. Tangu juzi nikipiga swichi inagonga "tak" moja, kimya. Betri mpya, mwezi haujaisha. Fundi kafungua stata, kabadilisha kaboni, hela imekwenda na ugonjwa uko palepale. Mara mojamoja inawaka kama haina kitu. Bosi anasema nimeiua mimi. Nianzie wapi?

Tingo_wa_Duga
Swichi ya nyutro hiyo, ile inayozuia stata isipige ukiwa kwenye gia. Chezesha lever ya mbele na nyuma huku unapiga stata. Yangu ilinitesa hivyohivyo.

WayaMwekundu
Tingo, nyutro ikikata, stata haigongi kabisa. @Mkonge, hiyo "tak" inatoka wapi? Mwenzio apige swichi, wewe sikiliza: ni kwenye stata au kwenye relei (kile kiboksi kidogo cha swichi ya umeme)? Na taa zinafifia?

Mkonge_Mweupe
Kwenye stata kabisa. Taa ziko vilevile.

WayaMwekundu
Basi betri iache, ingekuwa imechoka taa zingelala. Umeme unazuiwa njiani. Mita iweke DC volti 20, ncha nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (si kwenye kibano chake), nyekundu kwenye chuma cha injini kisicho na rangi. Swichi ikipigwa, isizidi nusu volti. Kisha pima nguzo chanya hadi bolti nene ya stata, vivyo hivyo.
Kabla ya yote: nyutro, handibreki, uma chini, vigingi kwenye matairi. Na usije ukagusisha bisibisi kwenye stata, unakuwa umeiruka swichi ya nyutro. Ikiwa kwenye gia itakupanda.

Bint_Ngamiani
Nyaya za Tanga nazo waja leo waondoka leo 😂 Chumvi ya bahari hiyo, anza na athi (njia ya hasi ya betri kwenda kwenye fremu na injini).

Mkonge_Mweupe
Nimerudi wakuu. Chanya 0.2. Hasi ilisoma volti 7!! Kumbe injini imekalia mipira, athi yake yote inategemea mkanda mmoja wa shaba iliyosukwa kwenda kwenye fremu. Kuufungua, chini ya bolti unga wa kijani, nyuzi zimebaki za kuhesabu. Nimepiga msasa pande zote mbili mpaka chuma kikang'aa, nikafunga waya mnene wa betri. Sasa ukigusa tu, imewaka.
Fundi wa stata hapokei simu.