Naomba ushauri: gereji katikati ya nyumba za kuishi, Nakuru
Hamjambo ndugu zangu. Ploti inayopakana na yetu imegeuzwa gereji ya kuchomelea vyuma na kupiga magari rangi, na mtaa huu ni wa makazi. Harufu ya rangi inaingia hadi chumbani kwa mama, ambaye ana pumu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inadai kibali cha kaunti kabla ya kubadilisha matumizi ya ploti. Ukikosa, faini ni hadi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Sitaki jirani afungwe, ahamishe kazi tu.

Aliyewahi kumwandikia afisa wa mipango, aliambatanisha nini? Picha zinatosha? Wakitoa ilani ya kusimamisha, nani hurudi kuhakikisha imefuatwa? Na jina la mlalamishi hufichwa?