Nyanya zikizidi Ilula, zipelekwe kwenye njaa?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Msimu ukichanganya na bei ikaporomoka, pale Ilula, Iringa, utakuta nyanya zimemwagwa, ng'ombe wanakula hadi wanakinai. Huku Dodoma, mwaka ambao mvua imekata mapema, kuna watoto wanashinda shule na maji tu. Iringa hadi Dodoma ni kama kilomita 260, lami mwanzo mwisho kupitia Mtera. Halmashauri zikusanye ziada hiyo zipeleke shuleni. Mkulima hapotezi kitu, maana zilikuwa zinaoza. Nani anapinga?

Mkulima Kilolo: Mimi hapa. Hapotezi kitu? Mkuu, nyanya haijichumi. Kuna kibarua wa kuchuma, wa kubeba, wa kupanga, na tenga lenyewe: mbao, misumari, nyasi za kutandika. Bei ikishuka hadi hairudishi hata hela ya tenga, tunaziacha kwenye mche. Sio kwamba watu wameshiba, ni kwamba hakuna wa kulipia kuzitoa shambani. Dalali aliyekuwa ananidai kilemba, yaani nyanya za kujazia juu ya kila tenga, bei ilipokuwa nzuri, leo hapokei simu. Halafu nitoe na sadaka?

Mdau Nairobi: Huku kwetu Food Banking Kenya wanafanya kazi hiyo: wanachukua mboga na matunda mashambani, wanapeleka shule na vituo vya watoto. Mengine yamekataliwa na wanunuzi wa nje kwa sababu haragwe limepinda tu! Chakula kizima kabisa. Ila jamaa wana usafiri, wana ghala. Halmashauri yako ina nini zaidi ya gari la mkurugenzi?

Mpenda sheria: Ufaransa tangu 2016 supermarket kubwa hairuhusiwi kuharibu chakula kinacholika, lazima iingie mkataba na mashirika ya misaada. Tuige.

Mkulima Kilolo: Supermarket ya wapi, ndugu yangu? Nyanya yangu inafia shambani.

Mwalimu Bahi: Leteni, lakini tupeni taarifa mapema. Tani mbili za nyanya mbivu zikishushwa Ijumaa jioni, Jumatatu ni nzi tu. Nina mpishi mmoja na masufuria mawili. Na tusidanganyane, nyanya ni kiungo. Mtoto anashiba ugali na maharage. Kwa hiyo ziada ninayoitaka zaidi ni mahindi, tena yaliyokauka vizuri. Mwaka 2004 sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu 125 Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Msituletee mliyoyaogopa wenyewe.

Mama Genge: Mimi je? Nanunua sokoni Majengo hapa Dodoma, nauza mafungu. Lori la bure likishushwa mtaani, wiki nzima sina mteja, na marejesho ya kikoba hayasubiri.

Mleta mada: Mama, ndiyo maana nimesema shuleni, yasishushwe sokoni wala mtaani. Mwalimu, siku mbili kabla zinatosha? Na wewe wa Kilolo, tuseme nyanya ni bure lakini halmashauri inalipa vibarua, matenga na lori, wazazi wanachangia kidogo kama wanavyochangia chakula sasa. Bado unapinga?

Mwalimu Bahi: Siku mbili sawa. Kuni zinatoka kwa nani?

Mkulima Kilolo: Vibarua wangu wakilipwa mkononi siku ya kuchuma, njooni hata kesho. Mkianza habari za kujaza fomu na kusubiri hundi, mtakuta nimeshalima shamba upya.